Kabla hujaomba oili nzito: kusoma dalili za oili kwenye pikipiki ya kupozwa na upepo

Pikipiki inapanda kilima cha Bugando jijini Mwanza, abiria nyuma, mzigo mbele, gia ya tatu. Injini inapiga kelele kali lakini mwendo hauongezeki. Dereva anahisi ni oili, na mara nyingi hajakosea. Anakosea kwenye dawa. Akifika kwa fundi maneno yake ni yaleyale: "Fundi, niwekee nzito." Moshi wa bluu, nzito. Injini inagonga, nzito. Oili inapungua, nzito. Oili nzito hufunika dalili kwa wiki mbili hivi, kisha tatizo linarudi likiwa limeshakula bloku.

Yaliyoandikwa hapa ni ya pikipiki zilizojaa vijiweni kuanzia Buhongwa hadi Igoma: silinda moja, cc 100 hadi 150, mipigo minne, bila rejeta. Kwenye injini hizi oili ina kazi nyingi kuliko ya gari, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Lita moja, kazi tatu

Gari la kawaida la gia lina oili ya injini, lina oili nyingine ya giaboksi, na klachi yake inafanya kazi ikiwa kavu. Pikipiki yako haina anasa hiyo. Lita moja ileile inalainisha krenki na pistoni, inapita katikati ya meno ya gia, na inaogesha sahani za klachi. Juu ya hayo inabeba joto kutoka kwenye pistoni na silinda hedi kulipeleka kwenye kuta za injini, kwa sababu maji ya kupozea hayapo.

Oili nyingi za gari za siku hizi, hasa nyepesi ambazo namba yake ya mwisho ni 20 au 30, zimewekewa kemikali za kupunguza msuguano ili gari lisile petroli nyingi. Klachi ya pikipiki inashika kwa msuguano huohuo. Ukiuondoa, sahani zinateleza.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha ya kopo au bei, geuza chupa utafute kisanduku kidogo chenye neno JASO. Ni kipimo cha Wajapani cha oili za pikipiki. Ndani yake patakuwa na MA, MA1 au MA2: hizo ni za klachi inayooga kwenye oili, na MA2 inashika zaidi ya MA1. Ukikuta MB, rudisha chupa kwenye rafu. MB ni ya skuta ambazo klachi yake iko kavu, nje ya oili. Chupa isiyo na kisanduku hicho kabisa, ambayo sehemu ya chini ya alama ya duara ya API (taasisi ya mafuta ya Marekani) imeandikwa Energy Conserving au Resource Conserving, ni ya gari. Iache hata ikiwa punguzo.

Herufi za API zinazoanza na S, kama SG, SJ, SL au SN, ni za injini za petroli. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele, kipimo ni kipya zaidi. Zinazoanza na C, kama CF au CI-4, ni za dizeli. Madereva wengi wanatumia oili ya dizeli na klachi haitelezi, wakaona mambo sawa. Kasoro yake iko kwingine: oili hizo kwa kawaida zina viambato vingi vinavyoacha majivu zikiungua, na injini iliyoanza kula oili inayapanga majivu hayo juu ya pistoni na kwenye plagi.

Uzito sasa. Kwenye 20W-50, namba yenye W inahusu baridi. 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Mwanza haiijui, kwa hiyo ubishi wa 10W na 20W usikunyime usingizi. Namba ya pili ndiyo inayopimwa kwenye joto la nyuzi 100, yaani oili ikiwa kazini. Kama kitabu cha pikipiki kinasema 20W-50, weka hiyo. Kikisema 20W-40, weka 20W-40. Honda kadhaa za karibuni zinataka 10W-30, na zimetengenezwa na nafasi finyu kwenye beringi zinazolingana na wepesi huo. Kuiwekea 50 injini ya namna hiyo ikiwa bado mpya ni kuichelewesha oili kufika juu kila asubuhi. Kitabu kikiwa kimepotea, angalia maandishi kwenye kava la injini karibu na kifuniko cha oili. Injini nyingi zimechongwa pale uzito wa oili na kiasi chake.

Pikipiki ya biashara inayoshinda juani ikibeba mzigo, na mtengenezaji wake akiwa ameruhusu 40 au 50, tungeipa 50. Pikipiki ya mtu wa ofisini anayetoka Nyegezi mjini na kurudi haihitaji kufika huko.

Oili za kuchakachua zipo. Chupa halisi zinaokotwa, zinajazwa upya. Kagua pete ya kifuniko kama imekatika au imegundishwa, foili ya ndani kama imebandikwa sawasawa, namba ya toleo kama imechapwa kwenye chupa yenyewe, na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Ukishamaliza chupa yako, itoboe kabla ya kuitupa.

Klachi inateleza baada ya kumwaga oili

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwa mafundi kila siku, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Kipimo chake: chagua mwinuko, ingia gia ya tatu au ya nne ukiwa na mwendo wa wastani, fungua mafuta kwa nguvu. Sauti ya injini ikipanda ghafla huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Sauti na mwendo vikipanda pamoja polepole, klachi ni nzima, tafuta udhaifu wa injini kwingine.

Kabla ya kuilaumu oili, shika mkono wa klachi. Kwenye ncha yake unatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umekaza hadi hauchezi, kebo inazifungua sahani kidogo muda wote, na hakuna oili duniani itakayoponya hilo. Legeza kwanza, jaribu tena mlimani.

Mchezo ukiwa sahihi na utelezi ulianza ndani ya siku mbili tatu tangu kumwaga oili, oili ni mtuhumiwa namba moja. Kuimwaga mara moja hakutoshi, kwa sababu karibu moja ya tano ya oili hubaki kwenye kava, kwenye gia na katikati ya sahani. Mwaga, weka oili ya MA au MA2, tembea kilomita 100 hivi, mwaga tena, weka nyingine. Ndiyo, ni gharama ya lita mbili. Bado ni nafuu kuliko seti ya sahani, gasketi na siku nzima bila hesabu.

Kama baada ya hapo bado inateleza, fungua kava la kulia. Sahani zenye utando wa msuguano zipimwe unene na kulinganishwa na mpya. Sahani za chuma zilizogeuka bluu zimeungua na hujipinda, ziwekwe juu ya kioo uone kama zinakaa bapa. Springi zilizofupika nazo ni chanzo. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kufungwa, zikifungwa kavu zinaungua kwenye kilima cha kwanza.

Jambo lingine: dawa za kuongeza kwenye oili, za chupa ndogo, zinazoahidi injini laini. Nyingi ni vipunguza msuguano. Umenunua oili sahihi kisha ukaiharibu mwenyewe.

Gia ngumu, niutro haipatikani

Ikitokea injini ikiwa ya baridi asubuhi kisha ikaisha, ni sahani zimegandana kidogo na oili nzito. Vuta klachi, piga kiki mara mbili swichi ikiwa imezimwa, basi. Ikitokea injini ikiwa ya moto, baada ya foleni ya Buzuruga, oili imechoka. Meno ya gia hukata polepole zile kemikali zinazoipa oili uzito wake, na 50 hushuka ikawa kama 40 bila rangi kukuambia. Kama oili ni mpya na bado gia zinagoma kwenye joto, kebo ya klachi imelegea, mchezo umezidi milimita 20.

Oili inapanda badala ya kushuka

Dereva anafungua kijiti cha kupimia na kufurahi: oili imeongezeka. Hii ni dalili mbaya kuliko oili kupungua, na ndiyo inayosababisha injini kunoki huku mwenye pikipiki akiapa kwamba oili ilikuwa imejaa.

Kilichoongezeka ni petroli. Sindano ya kabureta imeliwa au imekwama kwa uchafu, boya halizuii tena, na tenki liko juu ya kabureta. Pikipiki ikilala na koki wazi, petroli inashuka usiku kucha; nyingine inamwagika chini kupitia mpira wa kabureta, nyingine inaingia kwenye silinda kupitia valvu iliyo wazi, inapita kwenye ringi na kushuka kwenye oili.

Nusa kijiti. Petroli haijifichi. Kisha dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe, kando yake tone la oili mpya, subiri nusu saa. Oili yenye petroli inasambaa pana na kuacha duara la nje jepesi, lenye unyevu, karibu halina rangi.

Ukiona hivyo usiwashe injini "kuichemsha ivuke". Oili iliyochanganyika haina uwezo wa kuitenga krenki na beringi zake, na mvuke wa petroli ndani ya injini unaweza kushika moto. Kiki ikigoma kabisa kushuka, usiisimamie kwa miguu miwili: huenda silinda imejaa petroli, na pistoni haiwezi kukandamiza kimiminika, kinachopinda ni koneksheni rodi. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Funga koki. Fungua plagi, kaa mbali na moto na sigara, piga kiki polepole swichi ikiwa imezimwa hadi petroli iishe kutoka kwenye tundu la plagi.
2. Mwaga oili yote. Ipime: kama uliweka mililita 900 na zimetoka 1,200, unajua zilizoingia.
3. Fungua bakuli la kabureta, badili sindano, safisha kiti chake, kagua boya kama lina petroli ndani. Litikise sikioni, utasikia.
4. Weka oili mpya, tembea kilomita 200 hadi 300, nusa tena. Kama ni safi, endelea. Kama inanuka, sindano bado inavuja.

Chanzo cha pili, kisicho cha haraka hivyo, ni choki iliyokwama ikiwa imevutwa au plagi inayokosa moto, ambapo petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za bloku. Plagi nyeusi yenye masizi makavu itakuambia. Tangu sasa, funga koki kila unapolaza pikipiki. Haigharimu kitu.

Oili ina rangi ya chai ya maziwa

Injini isiyo na rejeta haina maji yake, kwa hiyo maji yametoka nje. Njia zake ni chache: kifuniko cha oili kilichofungwa bila mpira wake, mpira wa kupumulia wa injini uliochomoka, mashine ya kuoshea yenye presha iliyoelekezwa kwenye kava, au dereva aliyelazimisha kuvuka maji Mto Mirongo ulipofurika. Wale wanaoingiza pikipiki ziwani hadi kitovu cha gurudumu ili kuiosha wanaongeza njia ya tano, na oili inayobaki kwenye mawe ya ufukwe wanaiacha kwenye ziwa lilelile linaloleta maji ya bomba.

Kama injini ilizama, usipige kiki. Iache isimame wima usiku kucha kwenye stendi ya katikati. Maji ni mazito kuliko oili, yatashuka chini. Asubuhi legeza nati ya kumwagia taratibu bila kuitoa: maji yatatangulia kutoka peke yake, kisha oili. Toa plagi, mwaga bakuli la kabureta, kausha eya klina. Weka oili ya bei nafuu lakini ya kipimo sahihi, washa kwa dakika tano bila kupandisha mafuta, mwaga. Ikiwa bado ina maziwa, rudia. Ikitoka safi, weka ya kutembelea.

Usisafishe kwa dizeli au mafuta ya taa, ingawa ndiyo desturi ya vijiwe vingi. Ile sehemu ya tano inayobaki ndani itakuwa mafuta ya taa, na itaipunguza oili mpya siku ya kwanza.

Ute mweupe mdogo kwenye kifuniko peke yake, oili ya chini ikiwa safi, ni unyevu wa hewa tu. Unawapata wanaotembea kilomita mbili kwenda sokoni na kurudi. Nusu saa ya mwendo injini ikiwa moto inauondoa.

Moshi wa bluu

Wakati unaotoka ndio unaokuambia unatoka wapi. Ukitoka mara tu unapowasha asubuhi kisha ukaisha, sili za valvu zimekakamaa, oili inadondoka kwenye silinda usiku. Ukitoka unapofunga mafuta ukishuka mteremko kisha ukafungua tena, ni sili au gaidi (vibomba vinavyoongoza valvu). Ukitoka unapovuta mzigo, na unazidi kadiri unavyofungua mafuta, ringi au bloku imekwisha. Moshi mweusi si oili. Ni petroli nyingi.

Lakini kwanza pima oili. Injini iliyojazwa kupita kiasi nayo inatoa moshi: krenki inaipiga oili ikawa povu, mpira wa kupumulia unaitema kwenye eya klina, na injini inaivuta kama mafuta. Eya klina iliyolowa oili nyeusi ndiyo ushahidi. Punguza, badili eya klina, subiri siku mbili kabla ya kuruhusu mtu afungue hedi.

Kutofautisha ringi na valvu bila kufungua: pima kompresheni injini ikiwa ya moto na mafuta yamefunguliwa yote. Andika namba. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikiruka sana, ringi ndizo zinazovujisha. Ikibaki palepale, angalia valvu. Kubadili ringi peke yake kwenye bloku iliyokwishaliwa ni kutupa hela. Ipimwe, ichongwe, iwekewe pistoni ya saizi inayofuata.

Oili inapungua, moshi hakuna

Inavuja mahali usipopaona. Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto au unga wa ngano, tembea kilomita tano. Unga utalowa penye tundu. Penye kujificha zaidi ni sili ya shafti ya sproketi ndogo, kwa sababu dereva akiona weusi pale hudhani ni grisi ya cheni. Kisha sili ya shafti ya gia, sili ya kiki, kifuniko cha tapeti, na chini ya silinda.

Injini inagonga juu

Sauti kavu ya tik-tik kwenye hedi. Angalia kiwango cha oili, kisha tapeti injini ikiwa ya baridi kabisa: injini za mtindo wa CG125 zinataka nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, nyingine fuata kitabu chake. Zikiwa sawa na sauti ipo, oili haifiki juu. Fungua kifuniko cha tapeti, washa injini bila kupandisha mafuta, utazame roka, mikono inayosukuma valvu. Ndani ya dakika moja zinatakiwa zing'ae na zilowe. Zikibaki kavu zima mara moja.

Kinachoziba huwa ni wavu wa oili ulioko chini ya injini, na kinachouziba mara nyingi ni silikoni. Fundi alipaka gasketi kama siagi kwenye mkate, iliyozidi ikajibana kwenda ndani, ikakauka, ikakatika vipande, vikakaa kwenye wavu. Silikoni ikilazimika, iwe utando mwembamba kama karatasi. Gasketi nzima haihitaji.

Kinachosahaulika ni chujio la kuzungusha, kikombe kilichoko mwisho wa krenki nyuma ya kava la klachi. Injini nyingi za aina hii hazina filta ya karatasi. Uchafu unatupwa kwenye ukuta wa kikombe hicho na kuganda kama udongo mweusi. Kila kilomita 10,000 hivi lifunguliwe, likwanguliwe, lioshwe kwa petroli. Kikombe kikijaa, uchafu hauna pa kwenda isipokuwa kwenye beringi.

Injini inachemka mlimani na kuishiwa nguvu

Oili ikiwa kwenye kiwango, angalia mapezi ya bloku. Tope la masika likikaukia pale linaifunika injini kama blanketi. Lichokoe kwa kijiti cha mti na brashi, si bisibisi. Mbao za matangazo na makreti ya dagaa wa Mwaloni yanayofungwa mbele ya injini yanazuia upepo uleule unaotegemewa kupoza.

Kumwaga na kuweka

Tembea dakika tano hadi kumi, zima, subiri dakika tano. Oili ya uvuguvugu inabeba uchafu ikitoka. Ya moto kabisa inakubabua mkono. Pikipiki iwe kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Futa tumbo la injini kwanza, mchanga usiingie.

Fungua kifuniko cha juu ili hewa ipite, kisha nati ya chini, mara nyingi spana ya 17. Kifuniko kikubwa cha wavu, kama kipo, kina springi ndani: kishikilie, tazama springi na wavu vimekaa vipi kabla hujavitoa. Acha oili ichuruzike dakika kumi. Hapo usiangalie simu, angalia oili. Weusi peke yake si ugonjwa, ni oili inayofanya kazi ya kuosha. Pitisha sumaku. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida, zaidi kwenye injini mpya. Vipande vya chuma vinavyonata ni gia au beringi. Vipande ving'aavyo visivyonata ni alumini ya pistoni au kava. Nyuzinyuzi za kahawia ni klachi.

Osha wavu kwa petroli, ukaushe, uangalie kwenye mwanga kama umetoboka. Washa ya nati iwe mpya. Ya shaba unaweza kuipasha hadi iwe nyekundu na kuipoza kwenye maji, inalainika tena. Nati ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Ikikataa vidole usiilazimishe kwa spana. Kukaza: Nm 20 hadi 25 zinatosha kwa nati ya milimita 12. Usiye na spana ya kipimo, shika spana katikati badala ya mwisho wake, kaza kwa mkono mmoja.

Kiasi ndicho kinachokosewa zaidi. Injini ya mtindo wa CG125 inachukua lita 0.9 katika kumwaga kwa kawaida, na karibu 1.1 iliyofunguliwa yote na kukauka. Chupa ni lita moja. Fundi anamalizia chupa kwa sababu anaona ubahili kubakiza, na hapo injini imeshazidishiwa. Mimina mililita 800, washa dakika mbili, zima, subiri dakika tatu, pima, ongeza kidogokidogo hadi kati ya alama mbili. Kijiti cha injini hizi hupimwa kikiwa kimekaa tu juu ya tundu bila kuzungushwa; ukikifunga kwanza kinazama zaidi na kukudanganya kwamba oili imejaa. Penye kioo ubavuni, soma pikipiki ikiwa wima.

Pikipiki mpya imwagwe oili ya kwanza kwenye kilomita 500, hata kama inang'aa. Baadaye, kwa pikipiki ya biashara yenye oili ya kawaida, kilomita 2,000 ni muda unaofaa. Kwa anayekwenda kilomita 120 kwa siku ni kama siku 17. Kebo ya spidi mita ikiwa imekatika, na nyingi zimekatika, hesabu petroli: pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita ikishanywa lita 50, imefika.

Oili chakavu irudi kwenye galoni lenye kifuniko. Wapo wanaoipaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Isimwagwe kwenye mtaro, mitaro ya mjini inaishia ziwani.

Nati ya chini inazunguka bila kukaza

Meno ya alumini yamekwisha. Utepe mweupe wa bomba au silikoni kwenye meno vitashika hadi tuta la kwanza. Dawa ni mbili: kupandikiza uzi wa chuma wa saizi ileile, au kuchonga tundu kwa tapu ya saizi inayofuata na kutumia nati kubwa zaidi. Ya kwanza ni bora kwa sababu tumbo la injini halipungui nyama. Kwa vyovyote, tapu ipakwe grisi nzito inase unga wa alumini, iende nusu mzunguko mbele na robo nyuma, itolewe na kufutwa mara kwa mara. Kabla ya kufunga nati, mimina mililita 200 za oili safi kutoka juu, ziache zipite tundu likiwa wazi, na uzikinge kwenye chombo cheupe. Zikitoka na unga unaong'aa, mimina nyingine.